Kulia Wapi? Lugha na Usalama wa Mkimbiaji katika Vijia vya Eastlands

Utangulizi

Tarehe 2 Desemba 2012, katika mji wa Burlada, jimbo la Navarra nchini Uhispania, mwanariadha Mkenya Abel Mutai alikuwa akiongoza mbio za nyika kwa umbali ambao haukuacha shaka juu ya nani angeshinda. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amejipatia nishani ya shaba ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Michezo ya Olimpiki ya London. Alipofika ukingoni mwa mbio alidhani amekwisha kuuvuka mstari, akapunguza mwendo na kusimama hatua chache kabla ya kumaliza. Watazamaji walimpigia kelele aendelee, lakini walizipiga kwa Kihispania, lugha asiyoielewa. Aliyekuwa nyuma yake, Mhispania Iván Fernández Anaya, angeweza kumpita kwa urahisi. Hakumpita. Alibaki nyuma yake, akamwashiria kwa mikono mpaka Mkenya huyo akavuka mstari wa kwanza.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama mfano wa uungwana michezoni, na kinastahili sifa hiyo. Sisi wanafunzi wa lugha, hata hivyo, tuna la ziada la kukiuliza: je, kama ujumbe ambao haukufika ungekuwa "mbele yako pana shimo"? Pale Burlada kilichokuwa hatarini ni ushindi tu. Katika njia inayokatiza reli, ukingo wa mto au machimbo ya mawe, ujumbe usioeleweka hugharimu mguu, na pengine uhai. Makala hii inadai kwamba usalama wa mkimbiaji akiwa njiani hutegemea maneno kwa kiasi kikubwa kuliko inavyodhaniwa: maneno ya maelezo ya mbio, maneno ya wasimamizi waliosimama kwenye njia panda, na maneno ya wenyeji ambao milangoni mwao mbio zinapita. Mandhari tutakayorejelea ni mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ambako vijia havikosi na Kiswahili hakikosi, ingawa ni Kiswahili ambacho baadhi ya walimu wetu hukisikiliza wakiwa wamekunja nyuso.

Jina la mchezo

Istilahi "mbio za nyika" imekwisha kukita mizizi katika redio na magazeti yetu. Mbio hizo hukimbiwa kwa mizunguko katika eneo moja, kama ilivyokuwa katika mashindano ya dunia yaliyofanyika kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa tarehe 24 Machi 2007. Mkimbiaji hupita mahali palepale mara kadhaa, na akianguka huonekana. Upo mchezo mwingine, nduguye huyo, ambao njia yake ni ndefu, haijirudii, na hupita milimani, misituni, mashambani au, kwa upande wetu, katikati ya makazi ya watu. Huu haujapata jina lililokubalika. Mwandishi wa makala hii anapendekeza "mbio za vijia", kwa kuwa kijia ni njia ndogo iliyofanywa na nyayo, na hicho hasa ndicho kinachokimbiliwa.

Msomaji atauliza kama jina lina uhusiano wowote na usalama. Linao. Anayejiandikisha akidhani anakwenda kwenye mbio za nyika hutarajia nyasi, kamba pande zote mbili na gari la wagonjwa karibu. Anayejua kwamba ni mbio za vijia huanza kuuliza maswali: Njia imewekewa alama gani? Maji yako wapi? Nani yuko nyuma kabisa kuhakikisha hakuna aliyeachwa?

Hata mbio za nyika zenyewe si mchezo wa kubeza. Joto na unyevu wa Mombasa siku ile ya 2007 viliwatoa njiani wanariadha wengi, akiwemo Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa bingwa asiyepigika katika mbio hizo kwa miaka kadhaa. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyetwaa ubingwa wa wanaume. Ikiwa bingwa aliyezungukwa na waganga na watazamaji alishindwa na hali ya hewa, ni wazi kwamba mkimbiaji wa kawaida aliye peke yake nyuma ya machimbo ya Kayole anahitaji kuambiwa mapema, kwa lugha anayoielewa vyema, siku itakuwaje.

Maelezo hayo ya mapema yana mtego wake wa kiisimu, na mfano mchungu kabisa unatoka China. Tarehe 22 Mei 2021, katika mkoa wa Gansu, wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 milimani. Mvua ya barafu na upepo mkali viliwakuta mahali pa juu, na 21 kati yao wakafa kwa baridi. Koti la kuzuia upepo lilikuwa limetajwa katika maelezo, ila kama kitu kinachopendekezwa. Halikuwa sharti. Katika Kiswahili tofauti hiyo ni ya "ni vyema" na "ni sharti", na waandaaji wengi huzichanganya kauli hizi kwa kuogopa kuonekana wakali. Kwa maoni yetu, penye hatari ya kifo adabu ya lugha iwekwe kando kidogo. Iandikwe: "Asiye na kitu hiki hataanza mbio."

Njia yenyewe

Tuchukue mfano wa mkimbiaji anayeanzia uwanja wa Camp Toyoyo, Jericho. Hukatiza Buruburu hadi Mutindwa, ambako soko limejisogeza hadi kando ya reli. Treni za abiria hupita humo asubuhi na jioni, na wachuuzi huzijua saa zake kuliko mgeni yeyote mwenye ramani. Akivuka Outer Ring, ambayo tangu ipanuliwe katika miaka ya 2010 imekuwa barabara ya magari yaendayo kasi, huingia Umoja. Hapo kuna vivuko vya juu vya waendao kwa miguu, na mbio zinazoruhusu washiriki kuvuka chini ili kuokoa dakika moja hazifai kuitwa mbio. Mbele yake ni Kayole, kisha njia huteremka kuelekea Njiru na Mto Nairobi, ng'ambo yake ikiwa Dandora.

Udongo wa upande huu wa jiji ni ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Nyufa zake za Februari hunasa kifundo cha mguu. Matope yake ya Aprili hukifanya kiatu kimoja kuwa na uzito wa viwili. Yapo machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi, yenye kingo zisizo na uzio na madimbwi yasiyojulikana kina. Yapo mashimo ya majitaka yaliyoibwa vifuniko na kufunikwa kwa kipande cha mbao, au kwa tawi lililosimikwa kama onyo, nayo ni alama ambayo mwenyeji huisoma mara moja na mgeni huiruka kwa mbwembwe. Mto nao si wa kuzoeleka. Aprili 2024 mafuriko yalisomba nyumba na watu katika bonde la Mathare, na yeyote anayepanga njia ya mbio kando ya maji haya wakati wa masika anapaswa kuwa na njia ya pili mkononi.

Kule Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya, ambako mbio zimekuwa zikikimbiwa tangu mwaka 2000 ndani ya hifadhi ya wanyamapori, wakimbiaji hulindwa na askari wenye silaha huku ndege zikiwachunguza wanyama kutoka angani. Ulinzi huo ni wa kupigiwa mfano. Katika Eastlands hakuna faru wala simba wa kuchungwa. Walinzi wa mkimbiaji huko ni muuza mboga, mwendeshaji wa bodaboda na mtoto aliyetumwa maziwa, na hawa hawaongozwi kwa redio za mawasiliano. Huongozwa kwa maneno.

Hapa, hapo na pale

Tumefundishwa kwamba ngeli ya mahali ina viambishi vitatu: PA kwa mahali mahususi, KU kwa mahali pasipo dhahiri au uelekeo, na MU kwa ndani. Wanafunzi wengi huliona somo hili kama mapambo ya mtihani. Katika Kiswahili cha Nairobi tofauti hizi zimefifia sana, na "kuna" hufanya kazi ya zote. Sasa msikilize msimamizi anayemwambia mkimbiaji: "Kuna shimo huko." Shimo liko wapi? Mbele? Kando? Baada ya mita 10 au 200? Mkimbiaji huinua macho kulitafuta mbali, na pengine ndipo anapolikanyaga. Lakini akiambiwa "Pana shimo pale penye utepe", jicho linajua pa kwenda. Akiambiwa "Mna maji mle", atajua kuwa hatari imo ndani ya pango au mtaro, wala haipo juu ya njia. Sarufi hapa inafanya kazi ambayo hata tochi haiwezi kuifanya.

Neno "kulia" lina matata yake pia. Wazee walisema "mkono wa kuume", nasi tumebaki na mkono wa kulia chakula, ambao kwa matamshi hautofautiani na kulia machozi. Hilo ni jambo dogo, kwa kuwa muktadha hulitatua. Tatizo kubwa ni kwamba msimamizi husimama akimtazama mkimbiaji, hivyo kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwingine. Mkono ukinyoshwa upande huu na mdomo ukatamka upande ule, mkimbiaji aliyechoka hufuata anachopenda. Njia mbili zilimshinda fisi, wasema wahenga, naye fisi wa hadithi alikuwa angalau hajakimbia kilomita 18. Inafaa msimamizi ataje kitu kisichogeuka: "upande wa mto", "upande wa reli", "upande wa kanisa".

Kupotea njia si aibu ya wanagenzi pekee. Katika mbio za masafa marefu za Venice mwezi Oktoba 2017, kundi la mbele, lenye Wakenya ndani yake, lilifuata pikipiki iliyokuwa imeacha njia ya mbio mnamo kilomita ya 25. Waliporejea walikuwa wamekwisha kupoteza takriban dakika mbili, na Mwitaliano Eyob Faniel akashinda. Waliamini chombo kilichokuwa mbele yao, kama ambavyo kila mkimbiaji huuamini mgongo wa mwenzake. Ndiyo maana inashauriwa mkimbiaji ajijengee desturi ya kutafuta alama mwenyewe. Asipoiona alama kwa muda wa dakika kadhaa, asiendelee kwa matumaini. Arudi hadi ile ya mwisho aliyoiona.

Upo utaratibu mmoja wa fasihi simulizi ambao ungefaa sana hapa. Mtambaji husema "Paukwa!" na hadhira hujibu "Pakawa!" Jibu hilo si pambo, bali ndilo linalomjulisha mtambaji kwamba wasikilizaji wapo naye. Marubani hufanya vivyo hivyo wanapoyarudia maelekezo ya waongozaji wa ndege kabla ya kuyatekeleza. Msimamizi aseme "Upande wa mto!" na mkimbiaji ajibu "Mto!" Asiyejibu aitwe tena. Mhadhiri mmoja aliyeelezwa wazo hili alicheka na kuuliza kama mbio zitaanza kwa "Hapo zamani za kale". Kicheko chake hakikulivunja wazo.

Simile na chunga

Katika vichochoro vya miji mikongwe ya pwani, wachukuzi wenye mizigo walikuwa na tamko lao la kuomba njia: "Simile!" Neno hili limo kamusini, na ni vigumu kupata jingine linalomfaa zaidi mkimbiaji anayetaka kumpita mwenzake katika kijia chembamba. Ni fupi, ni la heshima, halimlaumu aliye mbele. Shida ni kwamba Eastlands wachache sana wangelielewa. Huko msukuma mkokoteni wa Gikomba hupaza sauti "Chunga!" na umati hufunguka.

Wapo watakaotaka neno sanifu, "Tahadhari!", liwekwe kwenye mabango na midomoni mwa wasimamizi. Kwenye mabango, sawa. Midomoni, tunapinga. Mkimbiaji wa mwendo wa kilomita 12 kwa saa husogea zaidi ya mita 3 kwa kila sekunde. "Tahadhari" ina silabi nne; "chunga" ina mbili. Hata kama "kuchunga" kwa Kiswahili sanifu kwahusu mbuzi, mtoto wa Maringo aliyesikia neno hilo tangu akiwa mgongoni mwa mamaye huruka kabla hajafikiri, na kuruka kabla ya kufikiri ndiko kunakotakiwa. Vivyo hivyo, ikiwa wenyeji huiita bodaboda "nduthi", onyo liseme "Nduthi!" Usanifu wa lugha unaolindwa kwa mguu uliovunjika wa mtu mwingine ni wa bei rahisi mno.

Neno jingine la kutazamwa ni "simama". Kwa aliye mbioni lina maana ya kuacha kwenda. Kwa aliyeanguka lina maana ya kuinuka. Msimamizi anayemkimbilia majeruhi huku akiwapigia wengine kelele "Simama! Simama!" huenda akamfanya majeruhi ajikongoje ainuke juu ya mguu uliovunjika. Kwa aliye chini yatumike maneno yasiyogawanyika: "Tulia", "Usiinuke".

Wenye mitaa

Utepe wa rangi uliofungwa mtini ni alama ya njia machoni pa mwandaaji. Machoni pa mtoto wa Dandora ni mkia wa tiara, na machoni pa mama mwenye mzigo wa kuni ni kamba nzuri iliyotupwa. Hakuna kati ya hawa aliye mwizi. Hawakuambiwa. Kwa hiyo siku kadhaa kabla ya mbio wazee wa mitaa, viongozi wa vijana, makanisa na misikiti waelezwe kwa Kiswahili njia itapita wapi, saa ngapi na alama zake zina maana gani. Mwenyeji aliyearifiwa humwita mtoto arudishe utepe. Zaidi ya hayo, yeye ndiye ajuaye kifuniko kipi kiliibwa jana usiku. Pale Gansu aliyewaokoa wakimbiaji sita kwa kuwaingiza pangoni na kuwasha moto alikuwa mchungaji wa mifugo wa eneo lile.

Suala hili huwahusu wanawake kwa namna ya pekee. Hatari inayomkabili msichana anayekimbia alfajiri kati ya ukuta wa kiwanda na mtaro haimo katika ramani yoyote ya mbio, na maneno anayorushiwa njiani huwa mara nyingi ni utangulizi wake. Kukimbia wawili wawili husaidia. Msimamizi mwanamke katika sehemu zenye upweke husaidia zaidi. Ni muhimu pia wasimamizi waambiwe waziwazi kwamba mkimbiaji anayelalamika kuwa amesumbuliwa ameripoti hatari ya njiani sawa na aliyeripoti mbwa mkali, na kwamba hapaswi kujibiwa "puuza tu".

Anapoanguka mtu

Mkimbiaji anayepepesuka, anayeropoka au asiyejua yuko wapi wakati wa jua kali, hasa mwili wake ukiwa na joto la kuunguza, apozwe papo hapo kwa maji baridi mengi mwilini kabla ya kusafirishwa. Kumbeba juani kutafuta gari kwanza ni kumpotezea dakika za uhai. Asilazimishwe kunywa ikiwa fahamu zimemruka. Na kuhusu kunywa, ushauri wa zamani wa kujijaza maji kabla ya kiu umekwisha kupitwa na wakati: uchunguzi uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa mbio za Boston za 2002 uligundua kuwa asilimia 13 kati yao walikuwa na upungufu wa sodiamu katika damu, hali ambayo kunywa kupita kiasi huchangia na ambayo huweza kuua. Mkimbiaji anywe akiwa na kiu.

Anayemkuta mwenzake ameanguka hana budi kusimamisha mbio zake mwenyewe mpaka msaada ufike. Simu hupigwa 999 au 112, au 1199 kwa Shirika la Msalaba Mwekundu. Swali la kwanza atakaloulizwa ni mahali alipo, na hapo ndipo wengi hukwama, maana vijia havina majina kwenye ramani na "niko Kayole" ni jibu la mtaa wenye maelfu ya milango. Waandaaji wavipe vituo vyote majina kabla ya siku ya mbio, na majina yawe yale ambayo wenyeji huyatumia, hata kama ni jina la kioski kilichobomolewa zamani au mti uliokatwa. Kila mkimbiaji ayapate yameandikwa nyuma ya namba ya kifuani, ili mtu anayetetemeka, mwenye simu iliyokaribia kuzima, aweze kusema kwa sentensi moja: "Niko Kayole, machimboni, penye kituo cha tatu, upande wa mto, dereva aulize mtu yeyote, wanapajua."